Jinsi ya kukagua sponji ya godoro kabla ya kulipa: densiti, uimara na usalama

Mwezi wa Januari ukifika, maduka ya magodoro kuanzia Kisumu hadi Nakuru hujaa wazazi walioshika orodha ya shule. Orodha inasema godoro la futi mbili na nusu kwa sita, unene inchi nne. Mzazi analibonyeza mara mbili, anauliza bei, linakunjwa na kufungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, safari inaanza. Likizo ya Agosti mtoto anarudi akilalamikia mgongo, kwa sababu sponji ya katikati imekufa na amekuwa akilalia mbao.

Kazi yangu ni kukata sponji za viti na magodoro hapa Kisumu, na ninachokiona mara kwa mara ni watu kulipa pesa nzuri kwa sababu ya neno lililo kwenye lebo. "High Density", "Heavy Duty", "Orthopaedic": kila kiwanda huyatumia maneno haya kivyake, na Heavy Duty ya huyu yaweza kuwa nyepesi kuliko sponji ya kawaida ya yule. Kinachoweza kulinganishwa ni vipimo. Nitakuonyesha namna ya kuvichukua mwenyewe kwa futi ya fundi na mizani ya kawaida, kisha tuingie kwenye usalama, ambao ni swali la peke yake. Sponji inaweza kuwa nzito, ikadumu miaka, na bado isifae kulaliwa na mtoto mchanga.

Sponji inavyotengenezwa

Karibu sponji zote za magodoro yetu ni poliyurethani. Kiwandani huchanganywa vimiminika viwili vikuu, polioli na isosianati, pamoja na maji kidogo, silikoni na vichocheo. Maji yakikutana na isosianati hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, mchanganyiko unaumuka kama mkate, na baada ya dakika chache kuna bonge refu ambalo huachwa lipoe na kukomaa kabla ya kukatwa vipande vya inchi nne, sita, nane.

Hapo ndipo ubora unapopatikana au kupotea. Kiwanda kikitaka sponji nyingi kutoka kwa malighafi kidogo, huumua zaidi. Sponji inatoka nyepesi, kuta za vishimo vyake zikiwa nyembamba. Kikitaka ionekane nzito bila kuongeza malighafi ya bei, hutia unga wa chokaa. Na kwa kuwa mchanganyiko huo hujipasha moto wenyewe, katikati ya bonge joto hupita nyuzi 100 kwa mbali. Mchanganyiko usipodhibitiwa, sponji huungua ndani kwa ndani.

Kuhusu isosianati, watu huniuliza kama ni sumu. Ikiwa bado kimiminika au mvuke, ndiyo: inaharibu mapafu na inaweza kumwachia mfanyakazi wa kiwanda pumu ya kudumu. Ikishamaliza kuungana na polioli inakuwa sehemu ya sponji yenyewe, na sponji iliyokomaa vizuri hubaki na mabaki madogo mno. Shida huja sponji inapokatwa na kupakiwa ikiwa bado mbichi.

Hatua ya kwanza: pima kwa futi

Usikubali vipimo vya lebo. Pima urefu, upana na unene, na unene upime sehemu tatu: pembeni, katikati ya ubavu, na upande wa pili. Jaketi la kitambaa lililoshonwa pamoja na pamba au sponji nyembamba huongeza unene ambao si wa godoro. Magodoro ya inchi sita yenye sponji ya inchi tano na nusu yapo, na tofauti hiyo ya nusu inchi kwenye godoro la nne kwa sita ni futi nzima ya ujazo ya sponji uliyolipia na hukupewa.

Hatua ya pili: pima uzito

Wauzaji wengi hawajazoea ombi hili, lakini mwenye mali nzuri hatakatalia. Kama duka halina mizani, ipo ya kupimia mahindi kwenye kinu cha kusaga unga au kwa muuzaji wa nafaka sokoni. Godoro dogo linaweza kupimwa kwa mizani ya kusimamia: simama peke yako, kisha simama ukiwa umelikumbatia, toa namba ya kwanza kwenye ya pili.

Toa uzito wa jaketi. Kwa godoro la nne kwa sita lenye kitambaa cha kawaida, jaketi huwa kati ya nusu kilo na kilo moja. Likiwa limeshonwa kwa pamba nene, litakuwa na zaidi.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya densiti

Densiti ni uzito wa sponji ukilinganishwa na nafasi inayochukua, nayo huhesabiwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo. Kwa kuwa sisi tunanunua kwa futi na inchi, fanya hivi: zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote vikiwa futi (inchi sita ni nusu futi, inchi nne ni theluthi moja, inchi nane ni theluthi mbili). Utapata futi za ujazo. Gawa kilo kwa futi hizo, kisha zidisha kwa 35.3.

Mfano. Godoro la nne kwa sita, inchi sita kamili, lina futi 12 za ujazo. Mizani imesema kilo 7.2, jaketi tunalikadiria gramu 800, sponji imebaki na kilo 6.4. Gawa 6.4 kwa 12 unapata 0.53, zidisha kwa 35.3, densiti ni karibu 19. Hilo ni godoro jepesi, hata kama lebo imeandikwa High Density kwa herufi za dhahabu.

Kwa wasiotaka hesabu dukani, andika namba hizi kwenye simu. Godoro hilo hilo la futi 12, sponji peke yake, likiwa na densiti 15 lina kilo 5.1, densiti 20, kilo 6.8, densiti 25, kilo 8.5, densiti 30, kilo 10.2. La tano kwa sita, inchi nane, lina futi 20 za ujazo: kwa densiti 25 sponji yake inakaribia kilo 14. Lile la shule, mbili na nusu kwa sita, inchi nne, lina futi 5. Kwa densiti 18 ni kilo mbili na nusu, kwa densiti 23 ni kilo tatu na robo. Tofauti ya gramu 700 hivi ndiyo inayoamua kama mtoto atamaliza mwaka nalo.

Densiti gani itoshe? Kwa mtoto wa chini ya kilo 40, 18 hadi 20 inatosha. Kijana wa sekondari na mtu mzima anayelala peke yake, tafuta 23 kwenda juu. Wanaolala wawili, au mtu wa kilo 90 na zaidi, mimi siwezi kumshauri ashuke chini ya 28. Ukiwa na maduka mawili mbele yako, gawa bei kwa kilo za sponji. Mara nyingi godoro lililoonekana ghali ndilo rahisi kwa kilo.

Uzito unapodanganya

Mizani peke yake ina maadui watatu, na lazima uwajue.

Wa kwanza ni chokaa. Sponji yenye chokaa ni nzito, lakini inachoka upesi na kuvunjika. Omba kipande kidogo kilichokatwa, kisugue kwa nguvu juu ya kitambaa cheusi kikavu. Kikiacha unga mweupe, una jibu lako. Kisha kivute taratibu kwa vidole: sponji safi hunyumbuka kwanza, inarefuka, ndipo ikachanika, yenye chokaa nyingi hukatika ghafla, fupi, na makombo yanadondoka. Kuna wanaopima kwa kudondoshea ndimu au siki na kungoja mapovu. Usitegemee, kwa sababu sponji yoyote ukiilowesha hutoa mapovu ya hewa iliyokuwa ndani yake.

Wa pili ni vipande vilivyogandishwa: mabaki ya sponji yaliyosagwa, yakatiwa gundi na kushindiliwa. Utayatambua kwa rangi nyingi zilizochanganyika, na uzito wake mara nyingi hupita kilo 60 kwa mita ya ujazo. Yakitumiwa wazi kama tabaka la chini la godoro gumu, yana kazi yake. Kibaya ni kufichwa na kuuzwa kwa jina la godoro la mgongo, maana hujui vipande vilitoka wapi, vilikuwa vya nani, na gundi ni ya aina gani.

Wa tatu ni matabaka. Mama mmoja kutoka upande wa Ahero aliniletea godoro la inchi nane lililobonyea katikati.

"Fundi, hili halijamaliza mwaka."

"Mama, nipe ruhusa nifungue jaketi tuone."

Juu kulikuwa na sponji safi ya inchi mbili, nyeupe, inayorudi vizuri mkono ukiiachia. Chini hivyo hivyo, inchi mbili. Katikati, mahali ambapo mkono wa mnunuzi haufiki, kulikuwa na vipande vinne vya rangi tofauti vilivyoungwa kwa gundi, kimoja chembamba kuliko vingine, na mstari wa gundi ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama... hapana haja ya kulifananisha, ulikuwa unachoma ukiupitishia kidole. Alikuwa analala juu ya kiungo hicho usiku kucha. Mizani ingesema godoro zuri, kwa kuwa vile vipande vya katikati vilikuwa vya kugandishwa.

Kwa hiyo chagua godoro lenye zipu, na ufungue zipu hiyo mbele ya muuzaji. Lisilo na zipu, binya ubavu wake kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini, inchi kwa inchi. Mahali tabaka linapobadilika utahisi. Ukibahatika kuona sponji yenyewe, tazama vishimo vyake: viwe vidogo na vinavyolingana, visiwe na mapango wala nyufa. Rangi ya manjano nayo isomwe vizuri. Inayoanzia nje kuja ndani ni ya mwanga na hewa, hutokea kwa sponji yoyote ikikaa, na peke yake si ubovu. Inayoanzia katikati huku nje kukiwa kweupe ni alama ya kuungua kiwandani, na sponji hiyo iache. Rangi za waridi, buluu na kijani hutiwa tu. Hazisemi lolote mpaka kiwanda chenyewe kieleze kinamaanisha nini kwa kila rangi.

Ugumu na densiti ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi wanapotea. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu, na nzito ikawa laini. Ugumu ni nguvu unayohitaji kuibonyeza. Densiti ni kiasi cha malighafi kilichomo. Godoro gumu jepesi litakupendeza dukani na kukuangusha baada ya miezi.

Wataalamu huibonyeza sponji ishuke kwa robo ya unene wake, wanapima nguvu, kisha wanaibonyeza ishuke kwa asilimia 65 na kupima tena. Kwa sponji ya kawaida namba ya pili huwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na kwa sponji bora huzidi hapo. Wewe huna mashine, lakini una goti. Piga goti moja katikati ya godoro lililo sakafuni, teremsha uzito wako polepole. Sponji nzuri inakubali mwanzoni, halafu kadiri unavyozama inazidi kukataa. Ile mbaya inakataa mwanzoni, halafu inakubali yote kwa mkupuo na goti linagonga sakafu.

Baada ya hapo lala. Vua viatu, lala kwa ubavu kama unavyolala nyumbani, dakika kumi. Muuzaji atangoja.

Majaribio mawili ya kipande

Kama unanunua sponji ya kukata, au unanunulia bweni, nyumba ya wageni au kituo cha watoto, omba kipande cha pembeni uende nacho nyumbani.

La kwanza ni la gololi. Simamisha rula ya sentimita 50 juu ya sponji isiyo na kitambaa, angusha gololi kutoka juu, tazama inaruka hadi wapi. Maabara hutumia kijigololi cha chuma kutoka urefu huo huo. Sponji ya kawaida iliyo nzuri huirusha hadi sentimita 17 au 25. Zile za daraja la juu hupita 30. Ikiruka chini ya 15, na hukuambiwa ni sponji ya memori (ile inayobaki na umbo la mwili na kurudi polepole), ina walakini. Sponji ya memori imetengenezwa isirushe, kwa hiyo gololi yake hubaki chini ya 10 na hilo si kosa.

La pili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kata kipande cha inchi mbili kila upande, kibane kati ya mbao mbili hadi kibaki nusu ya unene, funga kwa kamba, kiache tangu jioni hadi jioni ya pili mahali penye joto. Kifungue, ngoja nusu saa, pima. Kikirudi milimita 48 na zaidi kutoka 51 za awali, nunua. Kikibaki chini ya 45, godoro lake litakuwa na shimo la umbo lako kabla ya mwaka.

Neno moja juu ya sponji ya memori, kwa kuwa inazidi kuletwa. Hubadilika kulingana na joto. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai itakufanya uipande kitandani ikiwa ngumu hadi mwili uipashe. Kisumu, mita 1,130 hivi kando ya ziwa, itakuwa laini kupita ulivyoionja dukani penye feni, na hushika joto la mwili. Kwa joto la Kisumu mimi humshauri mtu achukue sponji ya kawaida yenye vishimo vinavyopitisha hewa. Kuhakikisha hilo, puliza kwa nguvu kupitia kipande cha inchi moja na uweke kiganja upande wa pili: upepo ufike.

Harufu

Godoro jipya linanuka, hilo halikwepeki. Harufu ya kichocheo hufanana na samaki, ya gundi hufanana na mafuta ya taa. Zote mbili zinatakiwa kupungua siku hadi siku. Ondoa nailoni yote, lisimamishe kwa ubavu chumba chenye madirisha wazi, kivulini, siku tatu hadi wiki moja kabla ya kulaliwa. Mwenye pumu au mja mzito angoje zaidi. Kama wiki mbili zimepita na bado macho yanawasha au kifua kinabana chumbani, lirudishe.

Usiianike sponji tupu juani ukidhani unaiharakisha. Mwanga wa jua hula poliyurethani, juu inakuwa unga. Jaketi ndilo la kuanika. Na harufu ya ukungu kwenye godoro jipya maana yake lililowa kwenye stoo au kwenye lori. Hilo hata likipunguzwa bei usilichukue.

Alama na vibali

Tafuta alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, ikiwa na namba ya kibali chini yake. Alama bila namba ni mchoro tu. Tuma ujumbe SM# ukifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023, na majibu yakija soma jina la kampuni na la bidhaa, yalingane na lebo iliyo mbele yako. Kuna wanaobandika namba halali ya kitu kingine. Magodoro ya kutoka nje hutakiwa kuwa na stika ya ISM, alama ya KEBS ya bidhaa zinazoingizwa nchini.

Kwenye magodoro ya nje utaona pia CertiPUR na OEKO-TEX Standard 100. Hizi zinahusu kemikali zilizomo na zinazotoka. CertiPUR huithibitisha sponji peke yake, haigusi kitambaa wala gundi ya godoro zima. OEKO-TEX ina daraja la kwanza ambalo ni la watoto hadi miaka mitatu. Hakuna kati ya hizo inayosema godoro haliungui.

Moto

Hili lisomwe na kila mwenye nyumba. Sponji ya poliyurethani ikishika moto huwaka kwa kasi, huyeyuka na kudondosha matone ya moto, na moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi. Mtu aliyelala anaweza kuzimia kwa moshi kabla miali haijamfikia. Hakuna densiti inayoondoa hatari hii.

Kwa hiyo mshumaa, koroboi na sigara visikaribie kitanda. Dawa ya mbu ya kuzungusha iwekwe kwenye kisahani cha bati, juu ya saruji, mbali na godoro na ncha za chandarua. Muuzaji akitaka kukuonyesha ubora kwa kuwasha kipande na kiberiti, mkataze. Jaribio hilo halionyeshi kama godoro litadumu, na moshi wake mnauvuta nyote. Vivyo hivyo, acheni kuwashia jiko kwa kipande cha sponji kuukuu. Nimekuta desturi hiyo nyumba nyingi, na watoto ndio wanaoinama kupuliza.

Kwa wazazi wa shule za bweni: Septemba 2024 wavulana 21 walifariki katika moto wa bweni la Hillside Endarasha Academy kule Nyeri. Siku ya kumpeleka mtoto, ingia bwenini. Mwongozo wa usalama wa shule wa Wizara ya Elimu wa 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, milango inayofunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na grili. Una haki ya kuuliza.

Mtoto mchanga

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alale chali juu ya godoro gumu, bapa, lisilo na mto. Bonyeza kwa kiganja mahali kichwa chake kitakapolala, uinue mkono: sponji irudi hapo hapo na isiache umbo la kiganja. Ikiacha umbo, uso wake ukigeukia hapo anaweza kukosa hewa. Sponji ya memori usimpe kabisa. Godoro lienee kitandani pande zote. Vidole viwili vikipenya kati ya godoro na ubao, nafasi ni kubwa mno. Nailoni ya dukani isigeuzwe kuwa kinga ya mkojo. Tumia makintoshi iliyovutwa ikakaza, shuka juu yake.

Maji, mafuriko na sponji kuukuu

Kwa jirani zetu wa Nyando, Kano na Budalang'i, swali la kila msimu wa mvua ndefu ni kama godoro lililofunikwa na mafuriko linafaa tena. Halifai. Maji hayo yamepita vyooni, na uchafu ukiingia kati ya inchi sita za sponji hakuna dawa inayoufikia. Lililolowa kwa maji safi ya paa linalovuja linaokoka: likanyagwe maji yatoke, lisimamishwe kwa ubavu penye upepo na kivuli, ligeuzwe kila siku. La inchi sita huchukua siku kadhaa. Limekauka likiwa halinuki. Likinuka bado, ukungu umeshika ndani.

Magodoro na sponji za mitumba zina kunguni, hilo kila mtu anajua, lakini zina jambo lingine. Sponji za zamani za ng'ambo, hasa Marekani, nyingi zilitiwa kemikali za kuzuia moto za jamii ya bromini, ambazo baadhi yake zilipigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zisizooza, mwaka 2009. Hutoka na vumbi sponji inapochakaa. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuogopa vipande vya kugandishwa visivyojulikana asili yake.

Sponji ya godoro isikatwe ikawa ya kuoshea vyombo wala kuogea mtoto. Na wapo wasichana wetu, shuleni na vijijini, wanaokata vipande vya godoro kujisitiri siku zao kwa kukosa pedi. Inachubua, inashika uchafu na kuleta maambukizi. Mama, baba, mwalimu, ukiona godoro la binti limekatwa pembeni, usimgombeze. Mnunulie pedi.

Baada ya kununua

Usikubali godoro lifungwe limekunjwa kwa mpira kwa safari ndefu. La shule lizungushwe kwa ulegevu na lifunguliwe siku hiyo hiyo. Kitandani, mbao za chini zisipishane zaidi ya inchi tatu, maana godoro bora juu ya mbao zilizokosekana litabonyea na utalilaumu bure. Mwezi wa kwanza ligeuze kichwa kwenda miguuni kila wiki, kisha kila baada ya miezi mitatu.

Siku ya kununua, risiti iandikwe vipimo, densiti kama muuzaji anaitaja, na muda wa dhamana. Muulize dhamana inahesabu shimo la kina gani, kwa sababu nyingine husema inchi moja na nusu, na godoro lenye shimo la inchi moja tayari limekufa. Piga picha lebo. Kila baada ya miezi mitatu nyosha kamba juu ya godoro kutoka ubavu hadi ubavu na upime kina cha bonde kwa rula, upige picha rula ikiwa pale. Muuzaji akikataa kulibadilisha, peleka risiti, picha na lebo ofisi ya KEBS iliyo karibu, ikiwemo ya Kisumu. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo, na ya kulipwa fidia ikimdhuru, na maneno ya lebo isiyolingana na mizani ni ushahidi wa kutosha kuanzia.